Pafyumu ya kila siku: mimi nimebaki na Daisy

Dada, umeuliza pafyumu ya matunda na maua ya kuvaa kazini kila siku, isiyoumiza watu kichwa. Mimi nakutajia Daisy ya Marc Jacobs, ile yenye maua meupe kwenye kifuniko. Ilitoka 2007, aliyeitunga harufu yake ni Alberto Morillas, nami huu ni mwaka wa nne naivaa.

Nimekulia nyumba ya udi. Mama akifukiza, mapazia yananukia siku tatu, kwa hiyo kwangu kunukia kulikuwa ni kusikika tangu mlangoni. Asubuhi moja nimepanda daladala ya Kariakoo na mafuta ya udi shingoni, dada niliyekaa naye akajiziba pua kwa mtandio. Akaniambia kwa upole, "Samahani dada yangu, nina ujauzito, hiyo harufu inanichefua." Nikampisha akae dirishani. Udi naupenda mpaka leo, ila nimeuachia harusi na nyumbani.

Daisy ukijipulizia, kwanza unapata stroberi na balungi, kama tunda limekatwa chumba cha pili. Hiyo inapita upesi. Yanafuata maua: vayoleti, gadenia na asumini. Na asumini yenyewe si ile nzito ya kikuba kilicholala kwenye nywele usiku kucha, ni ya kupita karibu na mti alfajiri umande haujakauka. Mwisho inabaki miski na vanila, na hapo anayeisikia ni yule anayekukumbatia tu.

Shida yake haikai. Kwa joto la Dar napata saa tatu au nne. Boksi limeandikwa Eau de Toilette, maana yake mafuta ya harufu ni machache kuliko Eau de Parfum. Usifidie kwa kujimwagia. Paka kwanza mafuta ya mgando shingoni na kwenye viwiko, maana ngozi kavu haishiki harufu, kisha beba kichupa kwenye pochi urudie mchana. Na kabla hujasema imeisha, muulize mwenzako, pua yako ilishaizoea.

Jihadhari na feki. Yangu ya kwanza ilinuka spiriti, na namba ya chini ya chupa haikufanana na ya kwenye boksi. Linganisha hizo namba kabla hujalipa. Kama duka lina chupa ya kujaribia, pulizia mkononi, nenda kamalizie shughuli zako, urudi baada ya saa nzima ndipo utoe hela.