Kabla ya kulaumu mikono, angalia nyayo zako

Kwa miaka minne nilicheza gofu kwa mabega. Nakaza mikono, natunisha shingo, nashusha fimbo kama mtu anayepasua kuni. Mpira unakata kulia na hauendi mbali, na jioni kiuno kinauma hata kuinama kufunga kamba za viatu ni kazi. Nikanunua draiva mpya, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Mpira ukaendelea kukata kulia.

Kocha aliyenitoa huko hata hakuitazama mikono yangu. Alinikalisha kwenye kigoda, akaniambia niinue miguu isiguse chini, kisha nipige. Jaribu uone. Fimbo inazunguka, ila kiwiliwili kinayumba kwa sababu hakina pa kujiegemeza, na mpira unabingirika tu. Akaniambia nishushe nyayo, nipige tena nikiwa nimekaa vilevile. Mikono ileile, fimbo ileile, lakini safari hii mpira uliruka.

Ni ile kanuni ya Newton tuliyoikariri shuleni: ukiisukuma ardhi, nayo inakusukuma kwa nguvu hiyohiyo kuelekea upande wa pili. Fimbo hushuka kutoka juu hadi kwenye mpira kwa takriban robo ya sekunde, na inapougusa haikai nao hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ukingoja kuongeza nguvu pale kwenye mpira, umeshachelewa.

Lakini huwezi kuisukuma ardhi kama umesimama vibaya, kwa hiyo anza na mkao. Shika fimbo wima nyuma yako, iguse kisogo, katikati ya mabega, na kifandugu. Sasa inama kuanzia kwenye nyonga, fimbo isiachane na sehemu hizo tatu. Magoti yalegee kidogo tu. Mikono ining'inie yenyewe chini ya mabega, na uzito uwe chini ya kamba za viatu. Usiwe vidoleni wala visiginoni. Mtu akikusukuma kidogo kifuani au mgongoni, usilazimike kupiga hatua. Mimi nilikuwa nabinua makalio nikidhani ndiyo mkao wa kiwanamichezo, kumbe nilikuwa naubana mgongo wa chini kila ninapopiga. Kosa la pili lilikuwa kusimama kwa vidole. Ukisukuma ardhi ukiwa hivyo, nyonga zinaufuata mpira, mgongo unanyooka, mikono inakosa nafasi ya kupita.

Nguvu zenyewe ni tatu. Kuna ya kuhama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, yaani ule ulio upande mpira unakoelekea, kuna ya kujizungusha, ambapo mguu mmoja unakwangua mbele na mwingine nyuma, na kuna ya kusukuma chini ili uinuke. Huwa zinafika kileleni kwa mpangilio huo. Nilipopandishwa kwenye vibao vya kupima nguvu za miguu, tatizo langu lilionekana wazi: uzito ulikuwa unafika mguu wa mbele wakati mpira umeshaondoka. Wachezaji wazuri huanza kuurudisha mbele kabla fimbo haijamaliza kupanda. Hilo lilinishangaza kuliko yote.

Zoezi lililonisaidia: simama miguu imekaribiana. Fimbo inapokaribia kileleni, piga hatua ndogo mbele kwa mguu wa mbele, kisha acha fimbo ishuke. Anza bila mpira. Mara ya kwanza utajiona kama unacheza ngoma usiyoijua, lakini vumilia, kwa sababu mguu utaanza kutangulia wenyewe.

Baada ya hapo ndipo uanze kusukuma chini. Mwanzoni mwa kushusha fimbo, magoti yazame kidogo, mfano wa Sam Snead, mchezaji gofu wa zamani wa Marekani, ambaye mchuchumao wake mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kisha mguu wa mbele unanyooka na kuisukuma nyonga yake nyuma, mbali na mpira. Wapigaji wa mbali huikandamiza ardhi kuliko uzito wao wenyewe, na huwa wamefanya hivyo kabla fimbo haijafika kwenye mpira. Ndiyo maana ukiwatazama wachezaji gofu wa kulipwa kama Justin Thomas au Lexi Thompson wakipiga draiva, utaona visigino vimeinuka. Usiige kuruka kwao. Ukiruka kwa makusudi fimbo itaugusa mpira kwa juu tu. Wao huinuka kwa sababu walishasukuma.

Mwenye goti bovu asikimbilie hatua hii. Kuhama kwa wakati peke yake kunatosha kuongeza umbali. Na kwa mapigo mafupi ya karibu na shimo, sahau habari ya kuchuchumaa. Pale mimi hutuliza nyayo, uzito unaelemea kidogo mbele tangu mwanzo, na unabaki hapohapo hadi mpira utue.