"Dubious": anayeshuku ni nani, na kinachoshukiwa ni nini?

Mkuu, umeuliza kama "dubious" na "doubtful" ni kitu kimoja, maana kamusi yako yote mawili imeyaandikia "-enye shaka". Tafsiri hiyo iliwahi kuniponza.

Nilikuwa mgeni kazini, kitengo cha manunuzi. Ankara ya mzabuni mmoja ikaja na jumla isiyolingana na makubaliano. Bosi akaniagiza niwaandikie kwa Kiingereza kwamba tuna shaka na hesabu. Nikaandika "your invoice is dubious". Jibu lilikuja siku hiyohiyo, la hasira: kwa hiyo sisi matapeli? Kumbe tarakimu mbili zilipishana tu wakati wa kuchapa. Bosi akalazimika kupiga simu kuomba radhi kwa neno langu, na iliniuma sana, kwa sababu watu wale hawakuwa na kosa la kuvunjiwa heshima.

Neno hili linatazama pande mbili. Ukisema "I'm dubious about this plan", mwenye shaka ni wewe: unasita, hujaridhika bado. Asili yake ni Kilatini "dubius", lenye undugu na "duo", yaani mbili. Ni hali ya yule fisi aliyeshindwa na njia mbili. Hapo hujamkosea mtu.

Lakini likikaa na kitu au mtu anayesemwa, mambo yanageuka. "A dubious deal" ni biashara yenye harufu ya magendo. "A dubious character" ni mtu wa kuchungwa. Sisi tunatenganisha wazi, "nina shaka" huku, "inatia shaka" kule. Kiingereza kinakuachia uangalie neno limekaa jirani na nani.

"Doubtful" ni la upole zaidi. "It's doubtful he'll come" ni sawa na kusema sidhani kama atakuja, basi, uaminifu wake haujaguswa.

Angalia pia "a dubious honour". Ni sifa ambayo mtu hapendi kuwa nayo, kama timu kushika rekodi ya kufungwa mabao mengi. Ukiambiwa hivyo, hujapongezwa.

Siku hizi jumla isipolingana naandika "could you please check the total?" Shaka yangu wanaielewa vizuri, na mpaka leo hakuna aliyenirudishia barua ya hasira.