Wadogo zangu mnaotaka kazi ya kuhudumia ndege Dodoma, tuongee habari za umeme

Vijana wengi wananiuliza kuhusu kazi za uwanja wa ndege, wengine wanalenga hapa mjini, wengine wanautazama uwanja mpya wa Msalato, na karibu wote wanauliza mambo ya mizigo na ngazi tu, umeme hakuna anayeuuliza. Mimi nimeshika plagi ya ndege miaka sasa na nawaambia kabisa, hiyo ndio kazi inayotaka utulivu kuliko zote pale chini.

Ndege ikiwa angani umeme unatoka kwenye jenereta zilizofungwa kwenye injini. Injini zikizimwa, taa, kompyuta za rubani, feni za ndani, vyote vinataka umeme kutoka sehemu nyingine, na betri usiitegemee, inaisha mapema sana. Jeti kama Airbus A220 ina kiinjini mkiani, APU, kinazalisha umeme na hewa lakini kinakula mafuta yale yale ya ndege na kinapiga kelele balaa. Ndio maana tunaleta GPU, ile jenereta ya dizeli yenye magurudumu, au kwenye viwanja vikubwa kebo inatoka moja kwa moja kwenye jengo.

Sasa kuna watu wanasema si mchomeke umeme wa Tanesco tu mmalize. Haiwezekani. Umeme wa nyumbani ni volti 230, hezi 50. Jeti ya abiria kama hiyo A220 inataka volti 115, hezi 400, fezi tatu, kwahiyo hata ukitumia umeme wa gridi lazima upite kwanza kwenye mashine ya kuubadilisha. Hiyo 400 ina sababu yake, hezi zikiwa nyingi transfoma na jenereta zinatengenezwa ndogo na nyepesi, na kwenye ndege kila kilo ina gharama. Ndege ndogo kama Cessna Caravan yenyewe inataka volti 28 za DC, umeme wa aina ya betri. Plagi zenyewe zinatofautiana, matundu yake yanaingia kwenye pini zilizo kwenye ndege, jeti ina pini sita, nne nene na mbili nyembamba, ya DC ina tatu. Hizo nyembamba msizidharau aisee, ndizo zinazotoa ishara kwamba plagi imeingia sawasawa, zikilegea umeme haupiti hata kama mashine inanguruma vizuri.

Kwa hiyo ukifika kwenye ndege usikimbilie kuchomeka. Subiri matairi yawekewe choki, vile vizuizi vya kuyazuia yasisogee, taa nyekundu inayowaka na kuzima izimwe kabisa, ndipo usogeze GPU, vuta breki ya mkono, iwashe iache itulie, soma volti na hezi kwenye saa zake, chomeka plagi mpaka mwisho, halafu ruhusu umeme. Rubani ataona taa kwamba umeme upo, yeye ndiye anaamua kuupokea.

Kuchomoa ndio penye hatari zaidi na ndipo vijana wanapokuwa na haraka, hasa wakati wa Bunge la bajeti ndege zinafuatana na kila mtu anataka ndege iondoke. Usichomoe kabla rubani hajaacha kutumia umeme wako na wewe hujazima umeme kwenye GPU. Ukichomoa umeme ukiwa unapita inaruka cheche kali, inachoma pini, inaweza kukuunguza mikono na uso. Na shika plagi yenyewe, usivute kebo.

Mkiwasha injini ya Caravan kwa GPU hakikisha mashine ina nguvu ya kutosha, maana starta, mota ya kuanzisha injini, inavuta mamia ya ampea kwa mara moja. Volti zikishuka katikati, injini inazunguka polepole wakati mafuta yameshaingia, joto linapanda na turbini inaweza kuharibika, na hapo ni hela nyingi sana. Betri za lori kwa kazi hiyo nazikataa, hata mwenye ndege akikubembeleza. Kwa jeti ni kitu kingine tena, A220 APU yake ikifa, GPU itampa rubani umeme lakini injini haitawaka, starta yake inataka hewa ya kusukuma, inabidi iletwe mashine ya hewa.

ATR, ile ndege ya abiria yenye propela mbili, nayo haina APU. Rubani anaweza kuacha injini ya kulia ikifanya kazi huku propela imeshikwa na breki, ili apate umeme na hewa. Ukiona propela imesimama usidhani injini imezimwa, kaa mbali na upande wa kulia mpaka upewe ishara.

La mwisho ni vumbi letu. Kiangazi upepo wa hapa unajaza vumbi kwenye matundu ya plagi na kwenye filta ya hewa ya GPU, kwahiyo asubuhi kabla ya ndege ya kwanza, umeme ukiwa umezimwa, futa plagi kwa kitambaa kikavu na uangalie kama kuna tundu limelegea au limeanza kuwa jeusi. Ukiliona, usiitumie kebo hiyo, mwite fundi aibadilishe.