Huna hela ya bwawa? Mwanao bado anaweza kujifunza kuogelea

Mama mmoja wa Kigamboni ameniandikia: "Kaka, baba watoto ni mvuvi, lakini hakuna mwanangu anayejua kuogelea. Ada za kwenye mabwawa nimeuliza, siziwezi. Nifanyeje?"

Dada yangu, mimi mwenyewe nilianza kwa kuomba bwawa. Nilikwenda kwenye hoteli moja ya ufukweni, nikaomba saa za asubuhi ambazo bwawa halina mtu. Meneja akawatazama watoto niliofuatana nao, kaptula za shule, miguu na vumbi, akasema wateja wake hawatapenda. Njiani mmoja akaniuliza, "Kocha, kwani sisi tuna nini?" Hadi leo nikipita pale roho inaniuma.

Basi tukaingia baharini, Msasani. Na kijana aliyeniuliza swali lile sasa anaogelea vizuri na ananisaidia kufundisha wadogo. Sitaacha kujivunia hilo.

Tunaanza na kuelea. Mitindo baadaye. Mtoto analala chali kwenye maji ya kiunoni, kiganja changu kiko chini ya kisogo chake. Mwanzoni anakaza shingo, anainua kichwa ili aone miguu yake, na hapo hapo makalio yanazama. Namwambia: masikio ndani ya maji, tumbo juu, tazama mawingu. Akilegea, naondoa kiganja polepole bila kumwambia. Anayeweza kuelea anapata muda wa kuvuta pumzi na kuita msaada.

Chagua siku kwa kuangalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapwa kwa kasi na mkondo unavuta, kwa hiyo wadogo wabaki nchi kavu. Siku nyingine pia msiingie maji yakiwa yanatoka. Awepo mtu mzima anayejua kuogelea, simu mfukoni, na dumu tupu la lita 5 lililofungwa kifuniko na kufungiwa kamba. Mtu akizama, mrushie dumu. Usimrukie, atakung'ang'ania mzame wote.

Wala msidhani hatari iko baharini tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5. Hao hawakwenda kupiga mbizi. Kwetu huku kuna mashimo ya mchanga yanayojaa mvua za masika, kuna Mto Msimbazi, kuna visima visivyo na mfuniko. Ndoo ya maji ya kufulia inatosha kumuua anayetambaa. Tena anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa hiyo usikae ndani ukisubiri kusikia.

Wenye mabwawa, saa moja ya asubuhi kwa wiki haitawafilisi. Walimu, wazazi, tuache kuwachapa watoto kwa sababu wamekwenda baharini. Watakwenda tu, kwa kujificha. Twende nao.

Na mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano mdomoni, kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi mbili, endelea hivyo hivyo huku mwenzako akitafuta usafiri. Hata akizinduka na kuomba chai, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.