Wadogo zetu wa Posta, msilipe kodi ya nyumba kabla ya Jumatatu

Kila kundi jipya likiingia kazini huku Posta, katikati ya Dar es Salaam, wiki ya tatu haipiti bila mmoja wao kusinzia mezani saa nne asubuhi, shavu limeegemea kiganja, viatu vina vumbi jekundu hadi kwenye kamba. Muulize anakaa wapi. "Mbezi." Ya Beach? "Hapana, ya Kimara." Sehemu gani? Hapo anakuna kichwa. "Unashuka pale Mwisho, halafu unaingia ndani kidogo."

Hilo "ndani kidogo" ndilo limetuchosha. Kila anayelitamka ameshalipa miezi sita, dalali ameshakula kodi yake ya mwezi mmoja, na sasa anauliza kama kuna mtu anayejua chumba huku karibu. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini hesabu hii ilipaswa kufanywa kabla.

1. Nauli ya konda ni sehemu ndogo ya nauli.

Wapya huchukua kodi, wakajumlisha nauli ya basi, wakaona Mbezi imeshinda kwa mbali. Hesabu inaanza unapofunga kufuli ya mlango wako na inaisha unapokaa kwenye kiti cha ofisini. Tuweke mfano; wewe weka bei ulizokutana nazo.

Chumba na sebule cha 150,000 ndani ya Mbezi, na chumba master, chenye choo na bafu ndani, cha 250,000 Magomeni, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao maalumu. Tofauti ni laki moja. Siku za kazi 24 kwa mwezi, ukiweka na Jumamosi za nusu siku. Wa Mbezi anapanda boda 1,500 hadi Mbezi Mwisho, daladala 600 hadi Kimara, mwendokasi 750 hadi Posta. Kwenda ni 2,850, kwenda na kurudi 5,700, kwa mwezi 136,800. Wa Magomeni analipa 1,500 kwa siku, 36,000 kwa mwezi. Tofauti ya usafiri ni 100,800. Laki aliyodhani ameiokoa imeliwa yote, na 800 juu.

Boda ndiyo imemmaliza. Akiamua kutembea ule mguu wa kwanza, usafiri wake unashuka hadi 64,800 na hapo kweli anabakiwa na 71,200 kila mwezi. Sawa. Lakini sasa safari yake ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, wakati mwenzake anatumia dakika 40 kwenda na 40 kurudi. Tofauti kwa siku ni dakika 160, kwa mwezi saa 64. Gawanya 71,200 kwa 64: kila saa anaiuza kama shilingi 1,100. Kwa mwenye mshahara wa kuanzia na wadogo wanaosomeshwa nyumbani, biashara hiyo inaweza kuwa halali kabisa, na hatutamcheka. Tunayemcheka ni yule anayepanda boda kila siku huku akijisifu amepata nyumba ya bei poa.

2. Karibu na Posta si karibu na kiti.

Hili linawapiga hata wajanja. Unapanga Manzese au Magomeni, umeikaribia Posta kwa kilomita nyingi, lakini basi linalokufikia limejazwa Kimara. Milango inafunguka, waliomo ndani wanakutazama, milango inafunga. Kwa hiyo kabla ya kupanga katikati ya njia, simama kituoni siku ya kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu asubuhi, uhesabu mabasi mangapi yanapita kabla mtu aliyefika pamoja nawe hajaingia. Yakipita mawili, hiyo ni sawa. Yakipita matano, kodi yako ya laki mbili na nusu imenunua nafasi ya kusimama kwenye zege. Aliyeko karibu ana ahueni moja tu ambayo wa mbali hana: siku mambo yakiharibika kabisa, boda kutoka Magomeni anaimudu, na hata miguu inafika.

Jioni mambo yanageuka. Anayepandia Kivukoni, mwendokasi unakoanzia, anakaa; anayepandia Fire, vituo vya mbele, anabanwa mlangoni. Kwenye daladala watu wana dawa yao, kugeuza nalo: unapanda likiwa linaelekea mwisho wa ruti, unakaa, linageuza na wewe ndani, unalipa mara mbili. Kwa nauli ya 700 hiyo ni 16,800 ya ziada kila mwezi ukifanya kila jioni. Iandike kwenye hesabu, maana utaifanya. Usijidanganye.

3. Nyumba iliyoonwa Jumamosi mchana.

Hapa ndipo tunapokiri, na tunakiri kwa niaba ya karibu kila mtu aliyewahi kuja mjini akiwa na hela ya miezi sita kwenye simu. Kosa lenyewe ni dogo sana likitazamwa kwa nje. Mtu ana nafasi Jumamosi, dalali ana nafasi Jumamosi, wanakutana saa sita mchana.

Tazama kila kitu kinavyodanganya saa hiyo. Barabara imepungua magari, daladala ina viti, unakaa dirishani na upepo unakupiga usoni. Dalali anakupokea kituoni na boda yake mwenyewe, hulipi, na mwendo unaonekana dakika tano kwa sababu anaendesha kama anafukuzwa na njia imekauka. Mvua haijanyesha wiki mbili. Bomba linatoa maji kwa sababu jana ilikuwa siku ya mgao. Vigae vinang'aa, sebule inaingiza kochi la watu watatu. Dalali anaangalia saa: "Kuna dada anakuja saa tisa, na yeye ana cash." Huyo dada hajawahi kufika, katika historia ya udalali wa jiji hili. Unatuma hela. 900,000 kwa mwenye nyumba, 150,000 kwa dalali.

Halafu inakuja Jumatatu. Saa kumi na nusu alfajiri simu inalia. Nje giza, boda kijiweni ni mmoja, anataka 2,000 kwa sababu anajua yuko peke yake. Mbezi Mwisho daladala haijasimama bado watu wameshapitisha mikoba dirishani kushika viti. Kimara foleni imezunguka. Unafika kazini umeshachoka kama uliyekwishafanya kazi. Jioni unatoka saa kumi na moja na nusu, unafika kwako saa mbili usiku, genge limefungwa, mkaa haujawashwa, unakula chipsi mayai. Hiyo chipsi mayai haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, na inajirudia mara nne kwa wiki.

Mwezi wa pili unaanza kulala kwa rafiki Sinza kila Jumanne na Alhamisi. Mwezi wa tatu mswaki wako uko Sinza. Ile sebule ya kochi la watu watatu imebaki kuwa stoo ya godoro, na kodi yake inatembea. Ukimwendea mwenye nyumba urudishiwe ya miezi iliyobaki, jibu unalijua: kodi hairudi.

Gharama ya kosa hilo ukihama baada ya miezi sita: mwezi wa dalali uliompa yule wa kwanza, 150,000, unatoa mwingine kwa wa pili, 250,000 ukihamia cha Magomeni, kirikuu, yaani kigari cha mizigo, na vijana wa kubeba. Mwezi wa dalali wa kwanza peke yake, ukiugawa kwa miezi sita uliyokaa, umeongeza 25,000 kwenye kila kodi. Yaani nyumba yako ya laki na nusu ilikuwa ya 175,000 tangu siku ya kwanza. Ungekaa miaka miwili, ingekuwa 6,250 tu kwa mwezi. Ndiyo maana tunasema chagua mara moja.

Dawa yake inagharimu 5,700 na usingizi wa siku moja. Jumapili jioni nenda ukalale kwa mtu yeyote unayemjua maeneo yale, au kama huna mtu, fika pale kwenye geti la nyumba saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Jumatatu. Andika muda mara nne: unapotoka getini, unapofika kituoni, unapoingia ndani ya basi, unapokaa ofisini. Kati ya mara ya pili na ya tatu ndiko muda unakopotelea, na hakuna ramani ya simu inayokuonyesha foleni ya watu. Jioni rudia kinyume chake, ukitoka muda uleule utakaotoka ukiwa kazini. Chukua safari ndefu zaidi kati ya hizo mbili, ndiyo uipeleke kwenye hesabu. Dalali akisema nyumba itaondoka kabla ya Jumatatu, iache iondoke.

Na kama umeshanasa, usisubiri mwezi wa tano. Mwombe mwenye nyumba mapema umtafutie mpangaji wa kurithi miezi yako, mwandikishiane, na upande wa kazini uliza kama unaweza kuingia saa moja na kutoka saa kumi. Nusu saa ya mapema pale Kimara inabadilisha kila kitu.

4. Mvua.

Bonde la Msimbazi, lililo kati ya Magomeni na Posta, halijali umepanga kwa bei gani. Mvua kubwa ikinyesha, Barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa, na mwendokasi unaishia upande wa Magomeni. Karakana ya mabasi yenyewe ilijengwa Jangwani, na mafuriko yameshayakuta mabasi humo ndani. Kwa hiyo yule bwana wa Magomeni, kilomita nne kutoka ofisini, anaweza kuchelewa kuliko wa Tegeta, mbali kule kaskazini. Akisema azunguke kwa Kawawa kwenda Morocco, anapita Mkwajuni, na pale nako ni bonde. Njia ya uhakika zaidi ni kurudi nyuma hadi Ubungo, kisha Mandela hadi Buguruni, au Shekilango na Sinza hadi Barabara ya Bagamoyo na daraja la Salenda. Ndefu, ndiyo. Wekeni akiba ya nauli ya siku kama hizo kuanzia Machi hadi Mei, na tena vuli.

Ukionyeshwa nyumba ya bei ya ajabu Kigogo, Hananasif au Mkwajuni, usimuulize dalali kuhusu maji. Muulize mama anayekaanga maandazi nje. Kisha tazama ukuta: rangi mpya inayoishia usawa wa kiuno ina maana yake. Sogeza kabati ukutane na mstari wenyewe, wa kahawia, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

5. Wa Kigamboni, ng'ambo ya maji: kivuko ni 200, lakini hesabu muda wa kusubiri pantoni, si wa kuvuka.

6. Namba sita ilikuwa ya kushea, tuiweke kwa kifupi kwa sababu hamtaki kuisikia. Nyumba ya vyumba viwili karibu na kituo, wawili mkagawana, mara nyingi ni nafuu kuliko kila mmoja kujitegemea mbali. Tunajua kila mtu anataka sebule yake. Andikeni nani analipa LUKU ya umeme wiki gani, na gesi ni ya nani. Tumeona marafiki wa chuo miaka mitatu wakinuniana kwa umeme wa 5,000, mmoja anachomeka pasi mwingine anasimama mlangoni akihesabu uniti.

7. Mkataba uwe wa maandishi na muupitishe serikali ya mtaa. Omba miezi mitatu kwanza hata kama amesema sita. Wengine hukubali ukiongeza kidogo kwenye kodi, na 10,000 ya ziada kwa miezi mitatu ni rahisi kuliko kirikuu mara mbili. Uliza mita ya umeme ni yako au mnachangia. Anayetoka zamu usiku amuulize konda, asimuulize dalali, kama baada ya saa tatu gari zinafika mwisho wa ruti au zinakatisha.

Siku ya kuhama, ita kirikuu Jumapili asubuhi, kabla watu hawajatoka kanisani. Patana bei ukiwa umeshataja ghorofa na umbali wa kubeba kutoka barabarani, na godoro lifungwe turubai hata kama hakuna wingu.