Picha isiyo na mtu wala mti: majibu kwa wasomaji

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu picha dhahania, yaani zile ambazo mchoraji hakukusudia kuonyesha mtu, mnyama au mandhari inayotambulika.

Binti yangu anasoma sanaa na ameagizwa aeleze picha isiyo na kitu ndani yake. Aanzie wapi? (Msomaji, Kikuyu, Dodoma)

Maneno "isiyo na kitu" ndiyo yanayompotosha. Mbele yangu ninapoandika imetundikwa picha niliyoinunua kwa kijana mmoja wa hapa mjini. Theluthi mbili za chini ni wekundu wa udongo, uliopakwa mzito kiasi kwamba ukisogea karibu unaona mifereji iliyoachwa na nywele za brashi, yote ikielekea upande mmoja. Juu yake upo ukanda wa kijivu uliofutwafutwa kwa kitambaa, nao unakatizwa na mstari mweupe unaotoka kushoto na kukoma kabla ya kufika ukingo wa kulia. Hayo ni maelezo tu, na binti yako asiharakishe kuyavuka.

Tafsiri huja baadaye, nayo ina sharti. Mgeni mmoja aliniambia picha hii ni ukame, na nilipomuuliza anauona wapi, akajibu kwamba wachoraji wa Dodoma huchora ukame. Mwingine, ambaye kwao wanalima zabibu Hombolo, alisema ni shamba, kisha akanyoosha kidole kwenye ile mifereji na kunionyesha mistari ya mizabibu iliyokwisha kupogolewa. Huenda mchoraji hakuwaza zabibu hata kidogo, lakini huyu wa pili alisoma picha, ilhali wa kwanza alisoma alichokuja nacho kichwani.

Mraba mweusi mtupu unaitwaje sanaa, wakati hata mtoto wangu angeuchora? (Msomaji, Mpwapwa)

Kuuchora angeweza. Hata hivyo, mchoraji Kazimir Malevich alipouonyesha mraba wake mweusi mjini Petrograd, Urusi, mwaka 1915, aliutundika juu kabisa kwenye kona ya chumba, mahali ambapo nyumba za Waorthodoksi wa Urusi huweka picha takatifu. Watazamaji wake walielewa mara moja kiti cha nani kilikuwa kimekaliwa.

Nitajuaje upande wa juu? (Msomaji, Manyoni)

Angalia sahihi, au maandishi ya nyuma, na usione haya kukosea. Kazi ya mchoraji Piet Mondrian ya mwaka 1941, iliyotengenezwa kwa utepe wa rangi wa kunata, ilitundikwa katika makumbusho ya Düsseldorf, Ujerumani, tangu 1980, na mwaka 2022 mtaalamu wa hapo hapo akaeleza kwamba inaelekea ilikuwa kichwa chini miaka yote hiyo. Waliamua kuiacha ilivyo, kwa kuwa utepe umechakaa na kuigeuza kungeweza kuiharibu.

Je, michoro ya miambani Kondoa nayo ni dhahania? (Mwalimu, Kondoa)

Kwa sura, baadhi yake ndiyo. Michoro myekundu, iliyo ya zamani zaidi, huonyesha watu wembamba na wanyama kama twiga na pofu, wakati ile myeupe ya baadaye, ambayo wataalamu huihusisha na jamii za wakulima na ambayo mara nyingine imepakwa juu ya myekundu, ina maumbo mengi yasiyo na jina la haraka. Ninasita tu kuiita dhahania moja kwa moja, kwa sababu umbo lisilosema kitu kwetu yawezekana lilisomwa waziwazi na aliyelichora pamoja na jirani zake; na kwa kuwa Mongomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, bado ni mahali pa matambiko, ni busara kuwauliza wazee kabla ya kufungua kamusi ya sanaa.

Ukiwapeleka wanafunzi huko, waelekeze wachore umbo moja kwenye daftari na kulieleza kwa sentensi tano kabla ya yeyote kutaja maana. Wasiguse mwamba, na wasiumwagie maji ili rangi ing'ae kwenye simu.