Uongozi wa bei si kuuza rahisi kuliko wote

Umeuliza kama kampuni inayoongoza bei ndiyo inayouza rahisi kuliko zote. Hapana ndugu, mwenye kuongoza bei si lazima awe anauza rahisi kuliko wengine. Uongozi wa bei ni pale kampuni moja inapobadilisha bei, juu au chini, na nyingine zinafuata bila kuitana kikao. Mara nyingi kiongozi ndiye mkubwa sokoni: akishusha, mdogo asipofuata anapoteza wateja, akipandisha, mdogo anapumua, naye anapandisha. Ila kuna wakati ni kampuni ya kawaida tu, lakini inajulikana kusoma gharama mapema.

Chukua unga wa ugali. Tuseme msagaji mwenye jina ameongeza shilingi 10 kwa pakiti ya kilo 2. Pita madukani Kawangware, Nairobi, baada ya siku chache, uangalie kama bei za pakiti zilizo kando yake zimefuata. Petroli usiihesabu hapa: bei ya juu kabisa hutangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayosimamia nishati na mafuta, kila tarehe 14 ya mwezi, hiyo ni amri ya serikali.

Kampuni zikikaa pamoja kupanga bei, hiyo ni njama, na Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inaikataza. Kazi ni kuthibitisha, maana ukiwa kaunta huoni tofauti yoyote kati ya njama na kufuatana tu.